Kiongozi wa Kikundi: Miaka Sitini ya Elimu ya Masafa, kutoka Moshi hadi Chuo Kikuu Huria

Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi mwaka 1963, muda mfupi baada ya uhuru wa Tanganyika. Mji huo ulistahili. Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilikuwa kimesajiliwa tangu 1933, na kahawa ya arabika iliyovunwa kwenye vihamba vya mlimani ilipitia katika vyama vyake vya msingi kabla ya kushushwa mjini kukobolewa na kuuzwa. Kila chama cha msingi kilikuwa na katibu, mpima mizani, karani wa hesabu na kamati ya wakulima iliyochaguliwa na wanachama. Watu wa Machame, Kibosho na Marangu walikwisha kuzoea stakabadhi, malipo ya awali na ya mwisho, na mikutano mikuu ambamo mahesabu ya mwaka husomwa mbele ya wote.

Sehemu nyingi za nchi hazikuwa na mazoea hayo. Serikali mpya ilitaka ushirika uenee haraka kwenye pamba ya Usukuma, korosho ya kusini na mazao mengine, na vyama vikaandikishwa kwa kasi kubwa kuliko walivyopatikana watu wa kuviendesha. Mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ilipochunguza mwenendo wa vyama hivyo, ilikuta wizi, uzembe, uhaba wa watumishi waliosomea kazi yao, na wanachama wasiojua haki zao kiasi cha kushindwa kuwahoji viongozi. Chuo kimoja chenye mabweni hakingeweza kuwaleta Moshi makatibu na wajumbe wa kamati wa nchi nzima. Isitoshe, mjumbe wa kamati ni mkulima. Akiondoka shambani miezi mitatu, msimu unampita.

Ndiyo maana mwaka 1964, kabla hata ya uchunguzi huo, kilikuwa kimeanzishwa hapohapo Moshi Kituo cha Elimu ya Ushirika. Kazi yake ilikuwa kulipeleka darasa kwa watu. Kwa msaada wa wanaushirika wa Sweden, ambako vikundi vya kujisomea vilikuwa na historia ndefu katika vyama vya wafanyakazi na vya ushirika, kituo kiliunganisha njia tatu: kozi za posta, vipindi vya redio, na vikundi vya wanachama waliokutana kwenye vijiji vyao kusoma kitabu kimoja kwa pamoja. Somo lilifika likiwa limechapwa kwenye karatasi, redio ikalifafanua, na kikundi kikalijadili na kuandika majibu. Majibu yalirudi Moshi, yakasahihishwa na kutumwa tena kwa wenyewe.

Kila aliyekulia mlimani anajua mfongo, ule mfereji uliochimbwa na wazee kuteremsha maji kutoka mtoni hadi kwenye migomba. Mfongo una zamu, una siku za kuzibua, na una mtu anayejulikana kwa jina ambaye kazi yake ni kuhakikisha kila kihamba kinapata maji kwa saa yake. Redio na posta katika mpango wa Moshi vilikuwa mfongo wa namna hiyo. Waliopanga walijua kwamba mtambo wa kurusha matangazo Dar es Salaam hautamfundisha mtu kusoma mizania ya chama chake ikiwa hakuna anayewakusanya wanachama siku ya kipindi, anayekifungua kitabu kwenye ukurasa unaohusika, na anayepeleka majibu posta. Kwa hiyo mpango wao ulianza na kiongozi wa kikundi.

Huyo kiongozi wa kikundi ndiye mhusika mkuu wa historia hii. Kwa miaka sitini amebadilishwa vyeo na majina, amesifiwa, amesahaulika, ameondolewa kwenye bajeti, akarudishwa. Kila mara Tanzania ilipopata chombo kipya cha kufundishia, mafanikio ya chombo hicho yalitegemea kama alikuwemo kwenye mpango.

Mwezi Mei 1969 Mwalimu Nyerere aliwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano mbele ya mkutano wa TANU, chama tawala. Hotuba yake ikajulikana kwa maneno matatu, Kupanga ni Kuchagua, na mwaka huohuo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikayachukua maneno hayo kuwa jina la kampeni yake ya kwanza ya vikundi vya kusikiliza redio. Lengo lilikuwa kumweleza mwananchi mpango wenyewe: kwa nini fedha zinakwenda huku na si kule, na yeye anatarajiwa kufanya nini. Kampeni hiyo ilikuwa ndogo. Taasisi ilikuwa inajaribu njia ambayo watu wa ushirika Moshi walikwisha kuitumia kwa miaka mitano.

Baada ya hapo kampeni zilifuatana. Mwaka 1970 ilikuja Uchaguzi ni Wako, mwaka wa uchaguzi mkuu. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, ikaja Wakati wa Furaha. Kisha mwaka 1973 ikaja ile ambayo wazee wengi wanaikumbuka hadi leo, Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, na mwisho wa kila mkutano wakaamua watafanya nini kabla ya mkutano ujao: kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba, kufukia madimbwi ya mbu. Viongozi wa vikundi walioandaliwa kwa kazi hiyo walikaribia 75,000.

Idadi hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Redio ya Tanzania Dar es Salaam ilikuwa moja. Vitabu vilichapwa kwa wingi, lakini kuchapa vitabu ni suala la karatasi na mtambo. Sehemu ngumu na ya gharama ilikuwa kuwapata watu 75,000 na kuwafundisha namna ya kuendesha mazungumzo bila kuyateka. Mafunzo yalishuka kwa ngazi, kutoka taifa hadi mkoa, mkoa hadi wilaya, wilaya hadi kijiji. Wageni kutoka nchi nyingi walikuja kuisoma kampeni hiyo na kuiandikia, na walichokuta ni redio za kawaida za betri zilizozungukwa na watu waliojipanga.

Kilimanjaro ilikuwa ndani ya harakati hizo tangu mapema. Mwalimu Nyerere alipotangaza wilaya sita zitakazotangulia kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ifikapo mwisho wa 1971, Kilimanjaro ilikuwa mojawapo. Mlima ulikuwa na shule za misheni tangu mwisho wa karne ya 19, za Wakatoliki na za Walutheri, na kusoma kilikuwa kitu cha kawaida katika familia nyingi. Hata hivyo walikuwepo akina mama na wazee ambao shule iliwapita, na kwa ajili yao madarasa ya ngumbaru yalifunguliwa chini ya miti, kanisani na kwenye majengo ya vyama vya msingi. Kitaifa matokeo yalikuwa makubwa. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mtihani wa taifa wa kisomo wa Agosti 1975 ulionyesha kwamba idadi hiyo imeshuka hadi asilimia 39.

Mwaka 1974 una mambo mawili yanayofaa kusomwa pamoja. Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mfumo wa hesabu za serikali uliotumia mashine hizo kuvurugika na kuleta hasara. Na mwezi Novemba, mjini Musoma, TANU iliazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Azimio hilo lilihitaji makumi ya maelfu ya walimu ambao hawakuwepo, na vyuo vya ualimu vyote kwa pamoja visingeweza kuwatoa kwa miaka mitatu. Taifa lililokuwa limeifungia mlango mashine ya kisasa kuliko zote likajikuta linabuni mojawapo ya programu kubwa za elimu ya masafa barani Afrika, kwa karatasi, redio na baiskeli.

Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa vijijini mwao, wakapangiwa madarasa ya kufundisha, na wakati huohuo wakawa wanafunzi wa ualimu. Asubuhi kijana alishika chaki. Mchana alikaa na wenzake chini ya mkufunzi aliyepangiwa kuwazungukia, akasoma masomo yaliyotumwa kwa posta na kusikiliza vipindi vya redio. Baada ya miaka mitatu alikwenda chuo cha ualimu kwa wiki chache za mwisho, akafanya mtihani. Takriban vijana 45,000 walijiunga na mpango huo, na zaidi ya 35,000 walihitimu. Bila wao, azimio la Musoma lingebaki maandishi.

Jina la mwalimu wa UPE, kifupi cha mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, lilikuja kutumiwa kama tusi. Ni dhuluma. Vijana wale waliingia kwenye vyumba vyenye watoto wengi kuliko madawati, kwa posho ndogo, wakiwa na umri wa kuwa wadogo zao wazazi wa wanafunzi. Upungufu wao ulikuwa wa kweli, lakini mara nyingi ulianzia pale mpango wenyewe ulipokatika: mkufunzi hakupewa baiskeli, au ilipoharibika hakuna aliyeitengeneza, masomo ya posta yalichelewa, wakufunzi wazungukaji walipangiwa vituo vingi kuliko siku za wiki. Palipokuwa na mkufunzi aliyefika kwa wakati, kijana wa darasa la saba aligeuka kuwa mwalimu ambaye vijiji bado vinamtaja kwa heshima.

Wakati hayo yakiendelea, msomi mmoja wa elimu alikuwa anayafuatilia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Geoffrey Mmari, mwenye jina la ukoo linalosikika sana kwenye vihamba vya Kilimanjaro, alikuwa mtaalamu wa ufundishaji wa hisabati. Mwaka 1977 jarida la elimu la UNESCO, Prospects, lilichapisha makala yake kuhusu majaribio ya Tanzania ya kuunganisha shule na kazi. Hilo lilikuwa swali la kizazi chake chote tangu Elimu ya Kujitegemea ya 1967: mtu ajifunze vipi bila kung'olewa kwenye maisha anayoyaishi na kazi inayomlisha? Wapo walioliandikia kitabu wakamaliza. Mmari alikuja kulijengea chuo kikuu.

Kazi yake ya uongozi ilianza kwa kujenga. Edward Moringe Sokoine, aliyekuwa Waziri Mkuu, alifariki katika ajali ya gari karibu na Morogoro tarehe 12 Aprili 1984. Katikati ya mwaka huo kitivo cha kilimo cha Morogoro kiligeuzwa kuwa chuo kikuu kamili kilichopewa jina lake, na Profesa Mmari akawa Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza. Mtaalamu wa elimu alikabidhiwa chuo cha kilimo kwa sababu kilichotakiwa kwanza kilikuwa taasisi yenyewe: kanuni, idara, bajeti, utaratibu wa kuajiri, utaratibu wa mitihani. Alikiongoza hadi 1988, kisha akaitwa Dar es Salaam kukiongoza chuo kikuu cha kwanza cha nchi.

Miaka yake mitatu pale chuoni ilikuwa migumu. Mwaka 1989 idara ya elimu ilipanda na kuwa kitivo kamili, hatua iliyosubiriwa kwa miaka mingi. Lakini nchi ilikuwa kwenye mageuzi ya kiuchumi, fedha za vyuo zilikuwa zimepungua, mabweni yamechakaa, na wanafunzi wamechoka. Mwezi Mei 1990 chuo kilifungwa baada ya mgogoro kati ya wanafunzi na serikali, na kilifunguliwa tena Januari 1991. Mwaka huohuo Mmari alimpisha Matthew Luhanga, ambaye katika miaka ya 1990 alikiingiza chuo kwenye programu ndefu ya mageuzi ya kitaasisi iliyoandaliwa kwa mpango mkakati.

Sababu moja ya msongamano na hasira za miaka ile ilikuwa uchache wa nafasi. Tanzania nzima ilikuwa na vyuo vikuu viwili, Dar es Salaam na Sokoine. Kila mwaka walikuwepo waliofaulu kidato cha sita na kukosa pa kwenda, na nyuma yao kundi kubwa zaidi: walimu wenye stashahada, watumishi wa benki, makarani wa serikali na wauguzi, watu wa miaka 30 na 40 wenye familia, ambao hawangeweza kuacha kazi miaka mitatu.

Kilimanjaro ililihisi jambo hili kwa namna yake. Tangu miaka ya 1970 nafasi za kidato cha kwanza katika shule za serikali ziligawanywa kwa mikoa ili sehemu zilizochelewa kielimu zipate haki yao, na mkoa wenye shule nyingi za msingi ukajikuta una watoto wengi wasiochaguliwa. Wazazi, makanisa na vyama vya wilaya wakaanza kujenga. Katika miaka ya 1980 shule za sekondari za wananchi zilichipuka mlimani, tofali kwa tofali, zikichangiwa kwa fedha za kahawa na za watoto waliokuwa wakifanya kazi mijini. Majengo yalipatikana. Walimu wenye shahada hawakupatikana. Mwenye stashahada alifundisha hadi kidato cha nne akitamani kusonga mbele, na mlango wa chuo kikuu ukiwa umbali wa zaidi ya kilometa 500.

Mwaka 1988 serikali iliunda kamati kuchunguza uwezekano wa kuanzisha chuo kikuu huria, chini ya Nicholas Kuhanga, ambaye Mmari alipokea kwake uongozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mifano ilikuwepo. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kilikuwa kikifundisha kwa posta tangu 1946. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianza kusomesha mwaka 1971. Jirani kabisa, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimeanzisha shahada ya ualimu ya masafa mwaka 1986. Kamati ilikabidhi taarifa yake mwaka 1990. Bunge likapitisha Sheria Na. 17 ya 1992, ikaanza kutumika tarehe 1 Machi 1993, na Profesa Mmari akateuliwa kuwa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Tarehe 19 Januari 1994 John Malecela, wakati huo akiwa Waziri Mkuu, alisimikwa kuwa Mkuu wa Chuo.

Mpango wa mwanzo wa chuo hiki unapendeza kwa jinsi ulivyoijua nchi. Chuo Huria cha Uingereza kilikuwa kimejipatia sifa kwa vipindi vya televisheni vya BBC, na ingekuwa rahisi kuiga. Lakini Tanzania Bara, mwaka sheria ilipoanza kutumika, haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Bara ilisubiri hadi 1994. Simu za nyumbani zilikuwa chache na intaneti haijafika. Umeme ulikuwa haujafika vijiji vingi. Mmari na wenzake walichagua maandishi yaliyochapwa kuwa msingi, wakaongeza kaseti na redio pale ilipowezekana, na kwa kuwa chuo hakikuwa bado na vitabu vyake vya kozi, kiliazima vya wengine, vikiwemo vya Nairobi. Kozi za kwanza zilikuwa za sanaa, biashara na ualimu, yaani zile ambazo mtu angeweza kuzisoma bila maabara na ambazo mikoa ilizililia kuliko zote.

Uamuzi uliozidi yote ulikuwa wa kuweka kituo katika kila mkoa.

Kituo cha Kilimanjaro kilikaa Moshi. Mwanafunzi aliyefundisha Mwika au Siha alishuka mjini siku za mapumziko, akachukua vitabu vya kozi, akaulizia matokeo, akafanya majaribio na mitihani hapohapo mkoani. Maktaba ya mkoa ya Moshi ikawa maktaba ya chuo kikuu bila kubadili kibao, kwa kuwa chuo kilitegemea mtandao wa maktaba za umma uliokuwepo tayari. Palikuwa na mkurugenzi wa kituo aliyewajua wanafunzi wake. Palikuwa na vipindi vya ana kwa ana, ambapo wahadhiri walikutana na watu ambao kwa miezi waliwajua kwa maandishi tu. Na wanafunzi wenyewe, bila kuambiwa na mtu, waliunda vikundi vya kujisomea: walimu wa shule moja, wauguzi wa wodi moja, majirani wa kata moja. Kiongozi wa kikundi alikuwa amerudi, safari hii akitafuta shahada.

Ilikuwa njia ndefu. Mtu alisoma kwa taa ya chemli baada ya kusahihisha madaftari ya watoto, baada ya kukamua ng'ombe, baada ya msiba na harusi ambazo mlimani haziishi. Wanawake walibeba zaidi, kwa kuwa jioni ambayo mwanamume angeweza kukaa na kitabu, mwanamke alikuwa jikoni. Wengi walikwama, wengine kwa ada, wengine kwa sababu kazi ya kujaribia iliyotumwa ilirudi imechelewa mno na moyo ukavunjika. Mahafali ya kwanza ya chuo yalifanyika mwaka 1999, miaka mitano baada ya masomo kuanza. Waliovaa majoho siku hiyo walikuwa wamesoma shahada zao wakiendelea na kazi.

Mmari aliongoza Chuo Kikuu Huria hadi 2005. Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1995, yeye na mwandishi Colin Legum walihariri kitabu kuhusu athari za Nyerere, na ni rahisi kuona kwa nini mtu aliyekuwa akijenga chuo cha watu wazima wanaofanya kazi alipata muda wa kutafakari urithi wa Mwalimu. Alimwachia chuo Tolly Mbwette, mhandisi, wakati ambapo teknolojia ilikuwa inabadilika kwa haraka. Sera ya taifa ya TEHAMA ilikuwa imetoka 2003. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na polepole simu ya mkononi ikawa chombo cha kwanza cha intaneti kwa mwalimu wa kijijini. Chini ya Mbwette, aliyekaa hadi 2015, masomo ya chuo yalianza kuhamia kwenye mfumo wa kujifunzia wa mtandaoni, Moodle. Kitabu cha kozi ambacho zamani kilikuja kwa basi sasa kiliweza kufika kwa sekunde, mradi mtandao upo na bando lipo.

Moshi yenyewe ilibadilika katika miaka hiyo. Ushirika ulikuwa umepita kwenye dhoruba: mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu, KNCU ikiwemo, na vilirudi baada ya sheria mpya ya 1982. Chuo cha Ushirika kilinusurika. Mwaka 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki cha Sokoine, kile kilichoanza mikononi mwa Mmari, na mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Mwaka huohuo Mwenge, chuo cha Wakatoliki kinachojulikana kwa kutoa walimu wa sayansi, nacho kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili. Mji wa kahawa ukawa mji wa vyuo.

Mfano wa karibuni ulio bora wa chombo kipya kilichopangwa pamoja na kikundi unatoka hospitalini hapohapo Moshi. Kwenye chuo cha tiba cha KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, mradi wa MEPI uliofadhiliwa na Marekani kuanzia 2010, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Duke, ulileta mtandao bora na mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi na kugawa masomo ya udaktari. Mradi ungeweza kuishia kwenye mihadhara iliyorekodiwa. Badala yake, walimu walifundishwa kuwapanga wanafunzi katika timu ndogo: kila mmoja anasoma somo kabla ya kuja, timu inajibu maswali kwa pamoja na kutetea jibu lake, na mwalimu anasikiliza wapi wamepotea. Ni utaratibu ambao mjumbe wa kamati ya kahawa wa mwaka 1965 angeutambua mara moja.

Sasa chombo kipya kimefika tena, na kimefika kwa wingi usio na mfano. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, serikali iligawa vishikwambi zaidi ya 200,000 kwa walimu na watendaji wa elimu, vifaa vilivyonunuliwa kwa kazi ya kuhesabu watu. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, na walimu wanatakiwa kuijua. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka mafunzo kwenye mfumo wake wa mtandaoni. Na katika mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, kila shule inatakiwa kuwa na jumuiya ya ujifunzaji, ambapo walimu wanakutana kwa ratiba, wanajadili somo linalowasumbua na kusaidiana, wakiongozwa na mwenzao mmoja.

Mpango huo umeiva kwa sababu umekumbuka kikundi. Hofu iliyopo ni bajeti. Kishikwambi kina namba ya usajili, kinaonekana kwenye taarifa ya mali, kinapigwa picha siku ya kukabidhiwa. Muda wa mwalimu anayeongoza jumuiya hauonekani popote. Halmashauri za Moshi, Hai, Siha, Rombo na Mwanga zinapoandika mipango yao ya miaka mitano, kuna vifungu ambavyo vinaweza kuamua hatima ya vifaa hivyo: vipindi viwili kwa wiki vinavyopunguzwa kwenye mzigo wa mwalimu kiongozi ili aandae mkutano, nauli na bando la afisa elimu kata kuzifikia shule zake zote kila mwezi, za juu kabisa karibu na msitu zikiwemo, posho ya fundi wa kutengeneza vifaa palepale wilayani, na mtu katika kituo cha walimu mwenye jukumu la kujibu maswali yanayotumwa kabla ya wiki kuisha. Gharama zake ni ndogo ukilinganisha na bei ya vifaa. Kumbukumbu za Kituo cha Elimu ya Ushirika, za kampeni ya Mtu ni Afya, za wakufunzi wazungukaji wa UPE na za Chuo Kikuu Huria zinaonyesha namna ya kuzipanga, na waliozifanya kazi hizo ambao bado wako hai wanaweza kuitwa kwenye kikao na kuulizwa.